Kuunda Kompyuta Yako ya Mezani Ukiwa Kiwira

Kufunga vifaa vya kompyuta ni kazi ya mchana mmoja, na aliyewahi kufungua redio ataiweza. Kinachomsumbua mtu wa Kiwira ni umbali wa duka. Kifaa kisichooana na vingine kitampandisha tena gari kwenda Mbeya mjini, au atakaa kusubiri kifurushi kingine kwa basi la kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye karatasi, kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na prosesa na mazabodi, maana hizi ndizo zinazoamua mengine. Ryzen ya soketi ya AM4 haiingii kwenye mazabodi ya AM5, na Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zinataka LGA1700. RAM za DDR4 na DDR5 zina mkato mahali tofauti, hivyo moja haikai kwenye nafasi ya nyingine hata ukilazimisha. AM5 hupokea DDR5 pekee. Mazabodi za LGA1700 ziko za aina zote mbili, usome boksi vizuri. Kama hununui kadi ya grafiksi, hakikisha prosesa ina grafiksi ndani yake. Intel yenye herufi F mwishoni, mfano 12400F, haina, na monita itabaki giza huku ukidhani umeunguza kitu. Mtumie muuzaji namba kamili ya kila kifaa, na akikujibu "ni ile ile tu", omba picha ya lebo.

Wengi hununua Dell OptiPlex au HP zilizokwisha kutumika maofisini, wakipanga kubadilisha kimoja kimoja. Kwa kujifunza kuongeza RAM na SSD, sioni njia nafuu zaidi. Ila katika modeli nyingi za aina hiyo pawa saplai na mazabodi vina umbo na viunganishi vya kampuni yenyewe, kwa hiyo usitarajie kuvihamishia kwenye kasha jingine.

Sasa umeme, na hapa usibane matumizi. Wetu ni volti 230. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiachwa kwenye 115 ukachomeka, hulipuka palepale. Itazame kabla ya chochote. Tazama pia ethi ya nyumba: mwite fundi umeme aipime. Ule mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, kwenye kompyuta uache kabisa, kwa sababu mguu wa tatu ndio unaobeba ulinzi.

Baridi ya Rungwe inakusaidia. Kwa prosesa ya kawaida, feni inayokuja nayo kwenye boksi inatosha. Fedha ambayo mtu wa Dar es Salaam angeiweka kwenye feni kubwa, wewe nunulia UPS. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Lakini radi za masika haizimudu. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa intaneti kama upo. Kuhusu LUKU usiogope sana: mashine isiyo na kadi ya grafiksi ikitumia wati 60, kwa saa kumi inakula uniti 0.6, bila kuhesabu monita.

Siku ya kufunga, unganisha kwanza nje ya kasha, mazabodi ikiwa juu ya boksi lake. Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kushika kifaa, ili umeme tuli ukutoke mwilini. Linganisha pembetatu ndogo ya kwenye prosesa na ile ya kwenye soketi, kisha iache ikae yenyewe bila kuisukuma. Pini zikipinda, umepata hasara. Kama feni haikuja na pesti yake, kiasi cha njegere ndogo kinatosha. RAM mbili kwenye mazabodi ya nafasi nne huwekwa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, na usukume mpaka kibano kilie. Kuna waya mnene wa pini 24, na kuna mwingine mdogo wa prosesa, kwa kawaida wa pini 8, juu pembeni. Huo ndio wageni wa kazi hii husahau. Mashine ikiwaka bila picha, chomoa umeme, toa RAM, irudishe kwa nguvu kidogo. Mara nyingi huwa ndiyo.

Usiweke Windows 10: Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Linux Mint ni ya bure, ila faili lake linapita GB 2, hivyo angalia bando kabla ya kupakua.

Kasha liweke mezani, si sakafuni, wala usiligandamize kwenye ukuta unaotoa unyevu. Hata usipokuwa na kazi, liwashe mara kwa mara msimu wa mvua, joto lake likaushe ndani. Kiangazi, vumbi la feni litoe kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa.