Kisiwa cha Wake: Je, Kusalimu Amri ni Woga?

Tunapojifunza fadhila ya nguvu, wengi tunamfikiria askari anayekufa na bunduki mkononi. Somo letu linaipima picha hiyo kwa filamu ya zamani.

Filamu yenyewe

“Wake Island” ilitolewa Marekani mwaka 1942, vita ikiwa bado mbichi. Mwongozaji wake, John Farrow, alikuwa Mkatoliki aliyekuwa tayari ameandika kitabu juu ya Padre Damiani wa Molokai. Inaonyesha askari wachache wakilinda kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Pasifiki dhidi ya Wajapani. Mwishoni wanapigana hadi kufa.

Historia ilivyokuwa

Mashambulizi yalianza tarehe 8 Desemba 1941. Tarehe 11 watetezi waliwarudisha nyuma maadui na kuzamisha meli mbili za kivita. Lakini tarehe 23 adui alikwisha kuingia kisiwani kwa wingi, na msaada haukuwa unakuja. Kisiwani kulikuwa pia na mafundi raia zaidi ya 1,100. Kamanda Winfield Scott Cunningham aliamua kusalimu amri. Meja James Devereux akatoka na bendera nyeupe. Hivyo, watu walipokuwa wakiwalilia mashujaa hao katika majumba ya sinema, wengi wao walikuwa hai, wafungwa. Mwaka 1945 wengi walirudi nyumbani.

Mafundisho

Nguvu haitembei peke yake. Huongozwa na busara. Kuvumilia hatari kwa ajili ya haki ni fadhila. Kuwatoa watu wafe wakati kifo chao hakimwokoi yeyote ni jambo jingine. Kiongozi aliyebeba aibu ya kushindwa ili wengine waishi naye alikuwa na nguvu, ingawa filamu haikumpa nafasi.

Mtu atauliza: mbona waliosalimu amri nao waliuawa? Ni kweli. Tarehe 7 Oktoba 1943 raia 98 waliobakizwa kisiwani kufanya kazi waliuawa kwa amri ya Admirali Shigematsu Sakaibara, ambaye alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1947. Lakini dhambi hiyo si ya aliyeinua bendera nyeupe. Ni ya aliyetoa amri. Katekisimu, namba 2313, inafundisha kwamba raia, majeruhi na wafungwa lazima waheshimiwe na kutendewa kiutu, na kwamba utii wa upofu haumwondolei hatia anayetekeleza amri mbaya.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini filamu ya wakati wa vita ilipenda kifo kuliko bendera nyeupe?
2. Katika familia au jumuiya yako, ni ugomvi gani unaoendelea kwa sababu tu hakuna anayetaka kuonekana ameshindwa?
3. Ukiamriwa kumwonea mtu asiyeweza kujitetea, utajibu nini?

Tuwaombee marehemu wote wa Wake, wa pande zote mbili, wapumzike kwa amani. Amina.