Klabu za Karate na Taekwondo: Mzazi Aangalie Nini Kabla ya Kulipa Ada

Shule zinapofungwa, wazazi wa Garsen, Minjila na Ngao hutafuta shughuli ya kuwaweka watoto mbali na vijiwe. Karate, taekwondo na judo huwavutia vijana wengi, na ni michezo mizuri: hukaza viungo na hufundisha kujizuia. Mkenya Faith Ogallo alifika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa njia ya taekwondo. Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kuvaa mkanda mweusi, kukodi ukumbi na kuanza kuandikisha watoto. Kwa hivyo kazi ya kumchunguza mkufunzi humwangukia mzazi.

Mkanda wenyewe si ushahidi. Mfumo wa madaraja ulibuniwa na Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mwaka 1882. Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan, maana yake hatua ya mwanzo. Aliyelifikia ndiyo kwanza anaanza kusoma. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miaka kadhaa ya mazoezi ya kila wiki. Mkufunzi anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi sita anauza kitambaa, na kitambaa hicho kinapatikana dukani. Mzazi aulize: cheti kilitolewa na nani, lini, na mkufunzi alifundishwa na nani? Katika taekwondo, vyeti vya mkanda mweusi vinavyotambulika kimataifa hutolewa na Kukkiwon, iliyoko Seoul, Korea Kusini. Mwalimu wa kweli hujibu maswali haya bila kukasirika.

Ishara kubwa kuliko zote ni mlango uliofungwa. Mzazi akiambiwa haruhusiwi kutazama mazoezi kwa sababu "mbinu ni za siri", amshike mtoto mkono warudi nyumbani. Katika michezo hii hakuna siri ambayo mzazi hafai kuiona. Vivyo hivyo kwa mkufunzi anayemwita mtoto mmoja peke yake usiku, anayempa zawadi na kumwambia asiseme nyumbani, au anayemtumia ujumbe wa simu bila mzazi kujua. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inawagusa pia watu wanaotumia vibaya nafasi ya kuaminiwa. Mzazi ana haki ya kudai cheti cha tabia njema kinachotolewa na DCI. Mkufunzi hukiomba kupitia eCitizen.

Kuna pia kile kinachoitwa "kuwakomaza" watoto. Katika joto la Garsen, kuwakimbiza watoto saa nane mchana na kuwanyima maji ni hatari tupu. Mtoto anayepata kizunguzungu, kutapika au kuchanganyikiwa apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na afikishwe hospitalini haraka. Aliyepigwa kichwani asirudi kupigana siku hiyo hata akisema yuko sawa. Kichwa kikizidi kumuuma au akitapika, aonwe na daktari. Klabu isiyo na kisanduku cha huduma ya kwanza, au inayowapambanisha watoto wa umri na uzani tofauti bila kinga za kichwa na meno, haijali usalama.

Pesa nazo husema. Ada ijulikane mapema na risiti itolewe. Mkataba wa mwaka mzima usiorudishiwa pesa, mtihani wa mkanda kila mwezi kwa malipo mapya, na sare zinazouzwa na mkufunzi pekee ni dalili za biashara iliyojificha nyuma ya mchezo.

Eneo la Delta lina jambo lake la ziada. Mapigano ya mwaka 2012 na 2013 yaliua zaidi ya watu 100 hapa, na majeraha hayo hayajasahaulika. Klabu inayowachukua vijana wa jamii moja tu, inayofunza panga na visu, au inayozungumzia "maadui" badala ya washindani, iripotiwe kwa chifu mapema. Klabu nzuri huwakutanisha watoto wa Kipokomo, Kiorma, Kiwardei na wengine kwenye mkeka mmoja, nao huinamiana kabla na baada ya pambano.

Kisheria, klabu ya michezo inapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Mzazi aombe kuona cheti hicho, kisha aketi atazame angalau mazoezi mawili kabla ya kulipa. Atazame watoto zaidi ya mkufunzi: wanaoogopa kuuliza swali, au wanaocheka mwenzao akiumia, wanaonyesha wanachofunzwa.

Mtoto akidhulumiwa, taarifa ipelekwe kwa afisa wa watoto, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku.