SOMO LA AFYA: Chunusi za kijana wako, dawa ipi inafaa?

Somo hili ni kwa wazazi, walezi na vijana wenyewe. Wengine watasema chunusi ni jambo dogo likilinganishwa na malaria au kuhara. Lakini kijana anayejificha uso kwa kitambaa, au anayekataa kwenda shule kwa kuogopa kuchekwa, kwake si jambo dogo. Tena akiba ya nyumbani huishia sokoni kwa krimu ambazo badala ya kuponya ngozi huiharibu.

Baada ya somo hili utaweza kueleza chunusi zinatoka wapi, kuchagua dawa inayofaa, na kutambua dawa za hatari.

1. Chunusi hutoka wapi?

Kijana anapobalehe, homoni za mwili huongezeka na kuzifanya tezi za ngozi zitoe mafuta mengi. Mafuta hayo pamoja na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi. Ndani ya kitundu kilichoziba bakteria huongezeka, ngozi huvimba, inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, na pengine hutoa usaha. Vijana walio wengi hupata chunusi kwa kiasi fulani, wavulana kwa wasichana.

Kwa hiyo chunusi si uchafu, si damu chafu, si kulogwa, wala si dalili kwamba kijana ana tamaa ya ngono. Kufanya ngono, kuolewa au kuzaa si dawa ya chunusi. Anayemwambia binti yako hivyo anamdanganya, na anaweza kumwingiza katika hatari ya mimba na UKIMWI.

2. Utunzaji wa kila siku

- Nawa uso mara 2 kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kwa mikono, bila kusugua. Kama maji ni ya shida, kikombe kimoja kinatosha.
- Usibinye wala kutumbua chunusi. Kufanya hivyo husukuma usaha ndani na kuacha kovu.
- Usipake mafuta mazito ya nywele karibu na paji la uso. Yakishuka, huziba vitundu.
- Usipake dawa ya meno, ndimu wala magadi. Huunguza ngozi.

3. Dawa zinazofaa

Chunusi chache: Dawa ya kwanza ni krimu au jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Itumike hivi:

- Anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ngozi ikizoea, paka kila usiku.
- Chukua kiasi cha punje ya kunde na upake sehemu yote yenye chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja. Epuka macho, midomo na pembe za pua.
- Ngozi ikikauka au kuwasha kidogo, pumzika siku 2 kisha endelea. Ikivimba sana, acha na urudi kwa mhudumu.
- Dawa hii hupausha nguo na shuka. Tumia kitambaa cheupe.

Chunusi nyingi zenye usaha: Mhudumu wa afya anaweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini pamoja na krimu hiyo, kwa kawaida kwa muda usiozidi miezi 3. Vimezwe kwa maji mengi, na mtu asilale mara baada ya kumeza. Ngozi huungua haraka kwa jua wakati wa kuvitumia. Mjamzito asivitumie. Usigawane vidonge na jirani, wala usitumie vilivyobaki nyumbani.

Vinundu vikubwa, vyenye maumivu na vinavyoacha makovu: Usisubiri. Omba rufaa kwa daktari. Ipo dawa yenye nguvu iitwayo isotretinoini, lakini husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hutolewa na daktari tu, chini ya uangalizi.

4. Subira ni sehemu ya dawa

Hapa ndipo wengi huanguka. Dawa nzuri ya chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Kijana hupaka siku 10, haoni mabadiliko, anatupa dawa na kwenda sokoni. Huko anauziwa krimu inayong'arisha uso ndani ya siku 3.

Krimu ya namna hiyo mara nyingi ina steroidi kali. Steroidi hufifisha uvimbe kwa muda, ndiyo maana mtu husifu. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi hurudi kwa wingi. Akiacha, uso huwaka. Akiendelea, huharibika zaidi. Krimu na sabuni nyingine za kuchubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo na ubongo, na kwa mjamzito hufika kwa mtoto.

Soma boksi kabla ya kulipa. Ukiona clobetasol, betamethasone, hydroquinone au mercury, usinunue. Kama haina maandishi yoyote, au imechanganywa na muuzaji mwenyewe kama mkorogo, usinunue pia. Kama kijana ameshaitumia kwa muda mrefu, mlete kituoni pamoja na kopo lake ili asaidiwe kuiacha. Asigombezwe.

Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi si makovu. Hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, hasa ukijikinga na jua kwa kofia au mtandio.

5. Nenda kituo cha afya mapema ikiwa:

- Vipele vimetokea ghafla pamoja na homa na tezi zilizovimba, au viko pia viganjani, nyayoni au sehemu za siri. Inaweza kuwa mpox, si chunusi.
- Kuna jipu karibu na pua au jicho, na uso unavimba. Nenda siku hiyohiyo.
- Binti ana chunusi nyingi, hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni.
- Chunusi zimeongezeka baada ya sindano ya uzazi wa mpango. Usiache njia yako kabla ya kuzungumza na muuguzi.
- Kijana hali, halali, anajitenga au anasema hataki kuishi.

Mzazi, usimtanie mwanao mbele ya watu. Kaa naye, mhesabie wiki za dawa kwenye kalenda, na mwambie ukweli: chunusi zina tiba, na tiba yake haina haraka.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini kusugua uso kwa nguvu hakuondoi chunusi?
2. Dawa ipakwe wapi, na kwa wiki ngapi kabla ya kusema haifanyi kazi?
3. Taja maneno 4 ambayo ukiyaona kwenye boksi hutanunua krimu hiyo.

Jadilini maswali haya nyumbani, na yaliyowashinda mlete kwa mhudumu wa afya wa mtaa wenu.