SOMO LA SITA: TOVUTI NI YAKO, FUNGUO NAZO ZIWE ZAKO

Shabaha ya somo: Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kutambua anacholipia anapotengenezewa tovuti, kudai vitu ambavyo ni haki yake kukabidhiwa, na kumpima fundi kwa maswali machache kabla ya kutoa fedha.

Katika Manispaa ya Mpanda na wilaya za Mkoa wa Katavi wapo watu wengi wanaohitaji tovuti: wenye nyumba za kulala wageni waendao Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wauzaji wa asali ya Mlele, wafanyabiashara wa mpunga, shule na vikundi vya akiba. Aghalabu fundi huishi mbali, pengine Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam, na mapatano hufanyika kwa simu tu. Kwa sababu hiyo yapasa mtumiaji aelewe mambo ya msingi mwenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

1. Mfumo unaotumika

Siku hizi fundi haanzi kuandika tovuti tangu mstari wa kwanza. Hutumia mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayomwezesha mwenye tovuti kuongeza maandishi, picha na bei bila kujua lugha za kompyuta. Mifumo mitatu inayojulikana sana ni Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, WordPress, iliyoanza mwaka 2003, na Joomla, iliyoanza mwaka 2005. Jina la Joomla limetokana na neno letu la Kiswahili, "jumla".

Mifumo hii yote mitatu ni programu huria. Leseni yake, iitwayo GPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Hakuna ada ya kununua WordPress, Joomla au Drupal yenyewe. Kwa hiyo ukiona katika ankara maneno "ada ya leseni ya WordPress", uliza ni ada ya kitu gani hasa.

Hata hivyo, huria hakumaanishi kwamba fundi afanye kazi bure. Kuna mambo manne yanayolipiwa kwa haki: kazi ya fundi, jina la kikoa, nafasi katika seva, na pengine mandhari au viongezo vya kununua. Mandhari ndiyo sura ya tovuti; viongezo ni programu ndogo zinazoipa tovuti kazi zaidi, kama vile fomu ya oda. Dai ankara inayotenganisha mambo hayo manne, na ionyeshe yapi hulipwa mara moja na yapi hulipwa kila mwaka.

2. Funguo nne za tovuti

Tuchukue mfano. Kikundi cha wafugaji nyuki kimetengenezewa tovuti, na anwani yake imechapishwa kwenye lebo za chupa za asali. Fundi alisajili jina la kikoa kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Mwaka unapokwisha, taarifa ya kulipia upya inamfikia fundi, ambaye amebadili namba ya simu na kuacha kazi hiyo. Jina linakufa. Mnunuzi anayesoma lebo hafiki popote, na mtu mwingine anaweza kulisajili jina hilo hilo. Kikundi kililipa kila senti, lakini hakina hati inayoonyesha kwamba jina ni mali yake.

Ili kuepuka hali hiyo, hakikisha unakabidhiwa funguo nne:

(a) Jina la kikoa. Vikoa vinavyoishia na .tz vipo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na husajiliwa kupitia mawakala wanaotambuliwa. Biashara hutumia .co.tz, na asasi zisizo za biashara hutumia .or.tz. Mmiliki aandikwe kuwa wewe au kikundi chako, kwa barua pepe mnayoimiliki ninyi. Fundi anaweza kuandikwa kama msimamizi wa kiufundi tu.

(b) Akaunti ya seva. Ni pale tovuti ilipohifadhiwa. Akaunti iwe kwa jina lako, nawe uwe na nywila yake.

(c) Akaunti ya msimamizi mkuu wa tovuti. WordPress huwa na ngazi tano za watumiaji: msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na msomaji aliyejisajili. Ukipewa ngazi ya mhariri peke yake, utaweza kubadili maandishi, lakini hutaweza kuongeza wala kuondoa watumiaji, na fundi hutaweza kumwondoa.

(d) Nakala rudufu. Ni nakala kamili ya mafaili ya tovuti pamoja na hifadhidata yake. Iwepo nakala nje ya seva, kwa mfano kwenye kompyuta ya ofisi au diski ya nje. Nakala iliyo ndani ya seva ile ile huangamia pamoja nayo.

3. Maswali matano ya kumpima fundi

Fundi aliyevuka hatua ya mwanzo atayajibu maswali haya bila kusitasita.

Swali la kwanza: "Utaweka toleo gani, nalo litapata masasisho hadi lini?" Kila toleo lina ukomo. Joomla 3 ilifikia ukomo wake tarehe 17 Agosti 2023, na Drupal 7 tarehe 5 Januari 2025. Tangu hapo wenye mradi hawatoi tena marekebisho ya usalama kwa matoleo hayo. Kuuziwa leo tovuti mpya iliyojengwa juu yake ni kuuziwa bidhaa iliyokwisha muda.

Swali la pili: "Ukibadili mandhari, mabadiliko yako utayaweka wapi?" Katika WordPress, jibu sahihi ni kwamba atatengeneza mandhari tanzu inayorithi sura ya mandhari kuu. Akiandika ndani ya mafaili ya mandhari yenyewe, siku ya sasisho kazi yote hufutika. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huwakataza wateja wao kusasisha, na tovuti ikabaki wazi kwa wadukuzi.

Swali la tatu: "Viongezo umevipata wapi?" Vitoke katika hazina rasmi ya mfumo au kwa mtengenezaji wake. Viongezo vya kulipia vinavyogawiwa bure na watu wasiojulikana mara nyingi hufichwa ndani yake programu hasidi.

Swali la nne: "Sasisho utalijaribu wapi kwanza?" Fundi makini huwa na nakala ya majaribio ya tovuti. Hujaribu huko, na akiridhika ndipo huigusa tovuti inayotazamwa na wateja.

Swali la tano: "Ukurasa wa kwanza una uzito gani?" Wateja wengi hufungua tovuti kwa simu na kwa bando. Picha 10 za simu, kila moja ikiwa na MB 4, ni MB 40 kwa ukurasa mmoja. Picha hizo zikipunguzwa hadi KB 200 kila moja, jumla ni MB 2 tu, na kwa macho ya mtazamaji wa simu tofauti haionekani.

Aidha, anwani ya tovuti ianze na https. Cheti cha usalama cha msingi hutolewa bure na taasisi ya Let's Encrypt; kwa hiyo gharama kubwa ya cheti iombewe maelezo.

4. Taarifa za wateja wako

Tovuti yenye fomu ya oda hukusanya majina na namba za simu za watu. Hapo wewe unakuwa mkusanyaji wa taarifa, na unabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka mkusanyaji ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba taarifa unazozihitaji tu, waeleze wateja sababu ya kuziomba, na futa zile zisizo na kazi tena.

5. Mambo yakiharibika

Mwandikie fundi kwanza, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachodai. Tunza mkataba, risiti na ujumbe wa simu. Vyote ni ushahidi. Mgogoro ukihusu jina la kikoa cha .tz, wasilisha malalamiko kwa wakala wa usajili, na usiporidhika, kwa TCRA. Tovuti ikidukuliwa, toa taarifa Polisi, maana ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mdai wa fedha chini ya mkataba anayo pia njia ya mahakama.

Zoezi

Kama tayari una tovuti, chukua karatasi, ujibu yafuatayo:

1. Jina la kikoa limesajiliwa kwa jina la nani, na linakwisha lini?
2. Je, una nywila ya seva na ya msimamizi mkuu?
3. Tovuti inatumia mfumo gani na toleo namba ngapi?
4. Nakala rudufu ya mwisho ilichukuliwa lini, na iko wapi?

Swali lolote ulilokosa jibu lake, mpigie fundi wiki hii, wakati bado anapatikana na mnaelewana. Majibu yote yaandikwe katika daftari la biashara au la kikundi, wala yasibaki katika simu ya mtu mmoja. Nywila ziandikwe mahali pa peke yake panapofungwa.