SOMO: KULINDA GASKETI YA SILINDA HEDI KATIKA GARI KUUKUU

Gari kuukuu la chama lipandalo kutoka tambarare ya Maore kufuata tangawizi milimani hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, na upepo upitao kwenye rejeta huwa haba. Injini ikichemka, silinda hedi, hasa ya alumini, hutanuka zaidi ya bloku ya chuma na huweza kupinda. Ndipo gasketi iliyo katikati yake huungua au kupasuka.

Jambo la kwanza ni maji. Dereva ayatazame kila asubuhi injini ikiwa baridi, na kiasi anachoongeza kiandikwe katika daftari la gari. Maji yapunguayo pasipo kuonekana yanakovuja yahojiwe kama fedha za sandukuni. Moshi mweupe usiokoma, mapovu katika rejeta, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba gasketi imekwisha kuharibika.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa sana, ilhali ndio uhifadhio shinikizo. Shinikizo likipotea, maji huchemka mapema. Wapo mafundi waondoao thamostati gari lichemkapo. Huko ni kuficha ugonjwa. Rejeta izibuliwe, na mkanda wa feni ukazwe.

Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame papo hapo na kuzima injini, hata kama mnunuzi anangoja. Asifungue mfuniko wala kumwagia injini maji baridi. Iwapo gasketi yabadilishwa, silinda hedi ipimwe unyoofu kwanza, na boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo kwa mpangilio wa kitabu cha gari, aghalabu kuanzia katikati kwenda pembeni.