Uzee Huandaliwa Ujanani

Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, tarehe 15 Novemba 2022 dunia ilitimiza watu bilioni 8. Idadi inatarajiwa kupanda hadi kiasi cha bilioni 10.3 kwenye miaka ya 2080, kisha ianze kushuka taratibu. Watoto wanapungua katika nchi nyingi, na watu wanaishi miaka mingi zaidi.

Japani imeshafika huko. Mwaka 1970 wenye miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 7 tu. Leo wanakaribia asilimia 30. Tangu 2000, Mjapani akifikisha miaka 40 huanza kuchangia bima ya matunzo ya uzeeni, ili siku atakapohitaji kuogeshwa au kushikwa mkono, mzigo usiwaelemee watoto wake peke yao.

Na sisi je?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, idadi huwa maradufu kwa miaka 22 hivi. Wazee wa miaka 60 na zaidi hawafiki 6 katika kila watu 100, ndiyo maana wengi huona uzee ni shida ya Wajapani. Lakini kijana wa bodaboda mwenye miaka 25 leo atatimiza 60 baada ya miaka 35, yeye na rika lake lote, nalo ni kubwa kuliko wazee wote tulio nao sasa. Kama mkulima na mama lishe, hana mwajiri wa kumkatia mchango. Anawategemea watoto. Watoto nao wanahamia mjini, na vijijini si ajabu kumkuta bibi wa miaka 70 akilea wajukuu wakati yeye ndiye wa kulelewa.

Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016: mkaazi aliyefikisha miaka 70 na kutimiza masharti hulipwa kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Sisi tulioandaa kijitabu hiki tunaamini Bara nayo inastahili mpango kama huo.

Wewe uliyejiajiri usiusubiri. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea wanachama wa hiari. Chukua kitambulisho chako cha taifa, fika ofisi yao iliyo karibu nawe, uulize namna ya kuchangia kidogo kidogo kila unapouza mazao au kupata faida.