USALAMA NYUMBANI: Lampi ya redio ya zamani

Ndugu mfanyakazi, labda nyumbani kwako ingali redio kubwa ya mbao aliyoiacha baba. Siku moja inanyamaza: mwanga wa kioo unawaka, lakini sauti hakuna. Mara nyingi iliyochoka ni lampi yenye kupokea umeme wa transfo, unaokwenda na kurudi, na kuuelekeza upande mmoja tu.

Usinunue ingine kwa kutazama umbo lake. Soma jina. Kwa lampi za Ulaya jina linasema mengi. Chukua EZ80: E ni volti 6,3 za kuipasha moto, Z ni kwamba inanyoosha umeme wa pande zote mbili, na 8 ni kikalio cha miguu tisa midogo. Ndugu yake EZ81 ana miguu ile ile, anaingia bila kulazimishwa. Hapo ndipo hasara inapoanza. EZ80 inatoa miliamperi 90, EZ81 inatoa 150. Ukiweka ya kwanza mahali pa ya pili, itachoka upesi. Ukigeuza, EZ81 inakula amperi 1 kwa moto wake badala ya 0,6, na transfo ndogo inaweza kuungua. Mchuuzi atasema yenye nguvu zaidi ni bora. Usimsikie, tafuta namba ile ile.

Vivyo hivyo 5Y3 na GZ34. Zote ni za volti 5, kikalio ni kimoja. Lakini GZ34 inapoteza volti chache, basi volti zinapanda kwa lampi zingine na kwa kondansateri zilizozeeka.

Jina likianza kwa U, kama UY85, weka bisibisi chini. Redio za namna hiyo kwa kawaida hazina transfo ya kuzitenga na umeme wa nyumba, na chuma cha ndani kinaweza kuwa na volti 220 zote. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa redio nyingine pia, kuchomoa waya hakutoshi. Kondansateri zinaweza kushika volti 250 na zaidi hata baada ya kuchomoa. Kule kazini tunakata umeme, tunafunga kwa kufuli, tunapima, ndipo tunagusa. Jikoni kwa mama hakuna kufuli, lakini kipimo kipo kwa fundi. Yeye atazimaliza volti kwa rezistansi, si kwa kugonganisha bisibisi mpaka cheche ziruke. Watoto wakae mbali.

Umwombe pia apime kondansateri ya kwanza. Ikiwa inavuja, ndiyo iliyoua lampi, na itaua mpya vilevile. Fizibile iliyokatika ibadilishwe kwa fizibile ya amperi zile zile, kamwe si kwa uzi wa shaba.

Siku ya kuwasha, tazama ndani ya lampi mpya kwa dakika chache. Bamba la ndani likianza kuwa jekundu, chomoa mara moja.